Nyumba ya Verlyn Haugen Inapanda

Jumanne saa tisa alasiri, Verlyn Haugen aliongeza baruti kidogo kupita mstari wa mwisho wa kitabu cha vipimo, na nyumba yake ikapanda inchi moja. Alikuwa kwenye gereji iliyoshikana na nyumba, mizani mbele yake, maganda hamsini ya risasi yamesimama kwenye kibao chao. Mkewe Ardis alikuwa jikoni akisukuma unga wa pai. Kifimbo cha kusukumia kikabingirika chenyewe mpaka ukutani.

"Verlyn!" akaita. "Nyumba imepanda."

"Kiasi gani?"

"Inchi."

"Aa, inchi si kitu," Verlyn akajibu, akaendelea kupima.

Kwetu Montana watu hujijazia risasi wenyewe kama wanavyojitengenezea jemu. Unaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, unatia kiwashio kipya, baruti na kichwa cha risasi, unakandamiza. Kiasi cha baruti unaambiwa na kitabu. Kwa risasi za Verlyn kitabu kina kurasa mbili: mmoja wa bastola za zamani, zenye silinda nyembamba, na mmoja wa bastola za siku hizi, chuma kinene. Risasi yenyewe ni umbo lile lile, inaingia kwenye bastola zote mbili. Na hata huo ukurasa wa bastola mpya una mwisho wake. Ukivuka hapo, umejitakia.

"Kitabu kimeandikwa na mawakili wanaoogopa kesi," Verlyn alipenda kusema. Ndivyo wasemavyo wanaume wote kwenye duka la chakula cha ng'ombe pale Bitter Fork, na nusu yao hawajawahi kumwona wakili kwa macho.

Basi akaongeza tena Jumatano, na Alhamisi. Nyumba ilipofika futi moja, Ardis alimwita fundi arefushe bomba la maji. Fundi akarefusha, akala kipande cha pai, akaenda zake. Ilipofika futi tatu, tarishi alianza kurusha barua dirishani, naye ana shabaha nzuri. Jirani yao, Gus Petrich, alikuja na futikamba, akapima, akarudi kwake amenuna, akaikalia mizani yake mwenyewe ya baruti. Ijumaa nyumba ya Gus nayo ilikuwa inchi nane hewani.

Hapo ikawa mashindano. Dukani hakuna aliyeuliza tena habari za mvua.

"Uko futi ngapi, Gus?"

"Mbili na nusu."

"Mbili na nusu! Hiyo si nyumba, hiyo ni kochi!"

Wakacheka mpaka mwenye duka akapoteza hesabu ya magunia.

Ardis hakucheka. Ardis aliogopa, na aliogopa kwa sababu moja tu, jina lake Janelle. Binti yao huyo alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kazi ya kuvalisha farasi viatu vya chuma, mikono yake hodari kuliko ya mwalimu wake. Kila Jumamosi alikwenda kushindana kulenga shabaha kwa bastola ya babu wa babu yake, ile ya kuvuta nyundo kwa kidole gumba kila unapopiga. Nyembamba, nyepesi, nzee. Risasi za baba yake zingeingia humo bila kukwama.

Kwa hiyo Ardis alikuwa na utaratibu wake. Kila kundi la risasi kali Verlyn alilomaliza, yeye alilipaka matako rangi nyekundu ya kucha. Nyekundu ni za bastola mpya ya baba. Zisizo na rangi ni za Janelle. Miaka sita utaratibu huo haukuwahi kuharibika.

Ila nyumba ilipofika futi saba rangi ikaisha. Kwenda dukani ni kushuka ngazi ya mbao, na magoti ya Ardis hayapatani na ngazi.

"Verlyn, niletee rangi ya kucha."

"Mimi? Niingie dukani kuulizia rangi ya kucha? Watanicheka mpaka Krismasi."

"Basi hizo risasi zifungie."

"Wee mwanamke, nitazipaka Jumatatu. Ziko rafuni, zitakwenda wapi?"

Jumamosi asubuhi Janelle alichukua boksi kutoka rafuni. Aligeuza risasi mbili tatu, akaona hazina rangi, akashuka ngazi akipiga mluzi. Risasi ya kwanza ilipiga shabaha katikati. Ya pili ilipasua silinda. Ilichukua kidole gumba cha mkono wa kulia na kile kinachofuata, na hakuna aliyevipata majanini, ingawa Gus alitafuta kwa magoti mpaka jua likazama.

Siku hiyo hakuna nyumba iliyoshuka. Ardis alitoka hospitali akapima mwenyewe: futi saba kamili. Verlyn alilia jikoni kwa sauti, kichwa mezani, na machozi yalikuwa ya kweli. Dukani wanaume walivua kofia, kisha wakakubaliana kwamba kosa lilikuwa la bastola. Chuma cha zamani, wakasema. Chuma cha zamani hakiaminiki.

Wiki hiyo Verlyn alitia ngazi mkono wa kushikilia, upande wa kushoto. Aliupiga msasa mara mbili ili usimchome Janelle. Ni kazi nzuri, kila apitaye anaisifu.

Jumanne saa tisa alasiri Ardis alikuwa akisukuma unga, na Janelle amekaa mezani, bendeji mpaka kwenye kiwiko. Gerejini mizani ililia kidogo. Kifimbo kikaanza kubingirika. Janelle alikidaka kwa mkono wa kushoto kabla hakijafika ukutani, akamrudishia mama yake.

"Nusu inchi," akasema.