Saruji Asipite

Fundi wa nguo hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa vipimo, wa pasi, na wa umbea wa wateja, na angebaki hivyo hivyo kama jengo la soko jipya lisingeanguka. Dari ilimwangukia na kumuua mdogo wake akiwa kwenye meza yake ya vitambaa. Mkandarasi aliyelijenga, ambaye watu walimpachika jina la Saruji, sasa alikuwa anagombea umeya, picha yake inakenua meno kwenye kila nguzo ya umeme.

"Huyu hapiti," fundi alimwambia shemeji yake, mume wa marehemu, dereva wa gari la maji. "Nikiwa hai, hapiti."

Shemeji alikuwa na sauti, fundi alikuwa na maneno. Kila jioni baada ya kazi walizunguka mitaa na kipaza sauti, wakieleza habari za nondo nyembamba na kuta zilizopasuka kabla rangi haijakauka. Hawakumpigia debe mtu. Mchagueni mwingine yeyote, walisema, ila si huyu. Haikuchukua muda, watu wakawa wanaitikia toka madirishani: "Saruji asipite!"

Ndipo gari jeupe likaanza kuegeshwa mbele ya duka. Waliokuwemo hawakushuka. Walikula karanga, wakatupa maganda nje, wakamtazama akishona.

"Labda wanataka sare," aliwatania wateja.

Walicheka kidogo. Baadaye wakaanza kuja kuchukua nguo ambazo hazijaisha. "Nipe tu, fundi, pindo nitamalizia mwenyewe," alisema mmoja, macho yake yako barabarani. Utani ukamkauka fundi mdomoni. Mshono wake, ambao haukuwahi kukosewa, ukaanza kupinda.

Kisha shemeji akaja dukani mchana, saa za kazi, uso umemshuka.

"Dada, mimi basi. Naacha."

"Wamekupiga?"

"Afadhali wangenipiga. Wamenisimamisha barabarani, wakaniongelesha kwa upole kabisa. Wameniambia mwanangu kahamishiwa dawati la mbele, maana haoni ubao vizuri. Mimi babake nilikuwa sijui. Nimemuuliza mtoto. Ni kweli."

Mtoto huyo alikuwa anamwita fundi mama mkubwa, na tangu msiba alikuwa analala kwake. Siku hiyo hiyo walimfungia nguo zake, shemeji akampeleka kwa shangazi yake, mji mwingine kabisa. Aliporudi alikabidhi kipaza sauti bila kumtazama fundi usoni.

Usiku fundi alikaa kitandani akiwaza. Akiacha, hakuna atakayemlaumu. Lakini akamkumbuka Saruji alivyosimama msibani na miwani yake ya jua, akisema ni mapenzi ya Mungu.

Siku ya mwisho ya kampeni aliacha kipaza sauti nyumbani, akaenda kwenye maghorofa ya wafanyakazi wa kiwanda, kugonga mlango kwa mlango. Ghorofa ya tatu akasikia viatu vizito ngazini. Alipopanda, vikapanda. Aliposimama, vikasimama. Akagonga mlango uliokuwa karibu, akagonga tena kwa viganja vyote.

Alifungua mama mmoja mwenye unga mikononi. Akamtambua mara moja.

"Wewe ndiye yule wa Saruji? Toka hapa! Mume wangu anafanya kazi kwake."

"Mama, kuna mtu ananifuata. Nakuomba."

Yule mama alichungulia ngazini. Akamvuta ndani, akafunga mlango. Kwa muda walisimama wawili gizani kwenye korido, wanapumua kama wezi. Nje, viatu havikuondoka.

"Kura yangu sijui nitampa nani," mama alinong'ona. "Lakini mtu hafii mlangoni kwangu."

Akaenda dirishani, akaita majirani kana kwamba kuna harusi. Wakaja na khanga zao, wengine na miiko mkononi, wanapiga kelele, wanauliza nani kaiba mume wa nani. Wakamweka fundi katikati, wakateremka naye. Mwanamume mwenye koti la kijivu alijibanza ukutani kuwapisha.

"Shikamoo, baba, umepotea?" mmoja alimwuliza. Mwanamume alimtazama fundi tu, kwa utulivu, kama mtu anayesoma kibao cha duka.

Saruji alishindwa. Alishindwa kwa kura chache mno, na waliokuwa wamejifungia ndani wakatoka kushangilia, mmoja akipiga sufuria hadi ikabonyea. Gari jeupe halikuonekana tena. Wateja walirudi, kila mmoja akidai yeye toka mwanzo alikuwa upande wa fundi. Shemeji alikuja akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Kaa, bwana," fundi alimwambia. "Ulifanya alichopaswa kufanya baba." Akakaa, akalia.

Mtoto aliporudi alikuta dukani meza zimehamishwa, cherehani imeondolewa kwenye dirisha la pembeni, imetazama barabara.

"Mama mkubwa, si ulikuwa unataka mwanga wa dirisha?"

"Mwanga unatosha," alisema fundi. Gari lilipita nje, likapunguza mwendo kwenye tuta. Mguu wake ukasimama juu ya kikanyagio mpaka lilipoondoka.