Zima, Washa

Sipendi mteja anayekuja na ugonjwa na dawa yake pamoja. Mwalimu aliingia gereji saa nne asubuhi, gari lake limechubuka ubavu mzima wa kushoto, na kabla sijamsalimia vizuri akanieleza kwamba mota ya usukani imekufa na anataka nyingine. Nikamwambia yeye afundishe hesabu, magari aniachie mimi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hakulala, akaketi kwenye benchi.

Taa ya njano ya usukani ilikuwa inawaka. Nilichomeka mashine ya kusomea hitilafu, ikaniambia umeme unaofika kwenye mota hautoshi. Fundi wa kubahatisha angekimbilia kung'oa mota hapo hapo. Mimi nikachukua mita. Injini ikiwaka, kwenye betri nilipata volti kumi na nne. Nikamwomba Mwalimu aingie azungushe usukani huku napima kule kwenye mota, zikashuka hadi tisa. Kwa hiyo umeme ulikuwa unapotea njiani. Nikafuata waya hasi, ule mnene unaofungwa kwenye bodi ya gari, nikakuta bolti yake imekaa juu ya kutu. Kwa macho ungeapa imekaza sawasawa.

Nikaifungua, nikasugua bati kwa msasa mpaka likang'aa, nikakaza upya na kupaka grisi. Usukani ukazunguka kwa kidole kimoja. Nilijiona fundi kwelikweli, nisiseme uongo, nikamwonyesha Mwalimu ile kutu kwenye kiganja changu ili ajue mota yake aliizika ikiwa hai.

Ndipo nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo: huu ubavu ulipatwa na nini?

"Si wewe ulinifundisha, fundi?" Mwalimu akasema. " Nilikupigia simu wiki iliyopita, ukasema taa ikiwaka nizime, niwashe."

Nilikumbuka. Huwa namwambia kila mtu hivyo nikiwa na haraka. Ukizima gari na kuliwasha, mfumo unaanza upya na taa inapotea kwa muda, mteja anafurahi na mimi napumua. Nikamjibu kwamba ndiyo, lakini ni baada ya kusimama. Akasema, bila ukali wowote, kwamba hilo la kusimama sikulitamka. Jana yake alikuwa kwenye kona ya kiwandani, usukani ukawa mzito, taa ikawaka, akafanya kama nilivyomwagiza huku gari linakwenda. Alizungusha ufunguo hadi mwisho. Usukani ukajifunga. Breki nayo, baada ya kuikanyaga mara mbili tatu, ikawa ngumu kama jiwe. Kilichomsimamisha ni ukuta wa kiwanda.

Hapo nikamkumbuka dada yangu.

Saa tatu asubuhi ile ile alikuwa amepita gereji na mama. Walikuwa wanakwenda kumwona mama mdogo, anaumwa, anakaa ng'ambo ya mlima. Dada alisema usukani wake unakuwa mzito mara mojamoja na taa inawaka. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hata boneti sikuifungua. Niliinama dirishani, nikamtania kwamba anaendesha kama anayesukuma mkokoteni, kisha nikampa yale maneno mawili. Akayarudia kwa sauti, kama mtoto anayekariri: zima, washa. Mama akaniombea dua kwa kuwarahisishia safari, nami nikaitikia amina huku nafukuza inzi kwenye chai yangu.

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Kutoka kwetu hadi mteremko unapoanza ni mwendo wa saa mbili. Kuna kona saba pale, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu.

Nilipiga simu ya dada, haikupokelewa. Huwa hashiki simu akiwa anaendesha, na mimi ndiye niliyemgombeza miaka yote mpaka akaacha. Nikapiga ya mama. Vidole vilikuwa na grisi, namba ikanitoka mara mbili. Mwalimu akauliza kuna nini, nikaendelea kubonyeza.

Mama akapokea. Sauti yake ilikuwa inakatikakatika.

"Mwanangu, ndiyo tunaanza kushuka. Usukani umekuwa mgumu na ile taa imewaka, lakini usiwe na wasiwasi. Dada yako anajua la kufanya."

"Mama, mwambie asizime."

"Eh? Sikupati vizuri."

"Asizime, mama. Gari asizime."

Simu ikakwaruza. Ningeweza kusema akanyage breki taratibu, au asimame kando, au neno lolote refu ambalo mtandao usingelimaliza lote. Nilichagua neno ambalo maana yake yote imebebwa na silabi moja katikati. Nikamsikia mama akigeukia upande wa pili, na kwa ile sauti yake ya kufikisha salamu za watu, bila kupunguza wala kuongeza, akasema:

"Mdogo wako anasema uzime."

Nilipiga kelele mpaka Mwalimu akanikimbilia. Simu ilikuwa bado wazi. Injini ya dada naijua, nimeifungua kwa mikono yangu mara tatu, na niliisikia vizuri ikinguruma nyuma ya sauti ya mama. Kisha ikanyamaza. Pakabaki mvumo wa matairi peke yake.

Nikasubiri awashe.