Siku Zilizorukwa

"Kamati ya Vijana inawatangazia washiriki wote kwamba mfuniko wa projekta, wa rangi ya kijivu, ulioripotiwa kupotea Jumapili iliyopita, umepatikana, na kwamba ulikuwa juu ya projekta."

Dada Irène, katibu wa kamati, alilisoma tangazo hilo mara mbili, mara ya pili polepole zaidi, kisha akaikunja karatasi na kuitia ndani ya Biblia yake. Hakuna aliyecheka. Vijana wa kanisa lile la mtaa wa Buterere walikuwa wamezoea kutangaziwa mambo, na waliyapokea matangazo kama watu wanavyoipokea mvua inayonyesha mtaa wa pili: kwa heshima, bila kusogea.

Mwavita aliketi kando ya shuka jeupe la kuonyeshea video, kipaza sauti mapajani, akingoja giza. Ilikuwa saa tisa mchana, na giza lilitengenezwa kwa mablanketi yaliyotundikwa madirishani. Chini ya mablanketi hayo ukuta ulikuwa na mstari wa kahawia mahali maji ya mafuriko yalipofika na kutulia. Hakuna aliyejisumbua kuupaka rangi, kwa kuwa maji yangerudi.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Siku za wiki aliifanya katika banda la video mtaani Jabe, ambako filamu za mapigano zilizokuja kwa Kifaransa ziligeuka Kiswahili kinywani mwake. Alikuwa na sauti ya jambazi, sauti ya askari, sauti ya bibi harusi, na sauti moja aliyoitumia kwa farasi. Kifaransa alikipata shuleni Uvira, kabla ya vita kumvusha mpaka wa nchi akiwa na mtoto mgongoni. Na katika banda lile la Jabe ilikuwapo desturi ambayo haikuandikwa popote: mtazamaji humsemesha mtu aliye ndani ya filamu, na mtafsiri humjibu kwa niaba yake. Mtu akimwonya jambazi kwamba askari wako nyuma yake, jambazi hushukuru, halafu huuawa vilevile.

Kanisani desturi hiyo haikuruhusiwa. Ndugu Fortunat, kiongozi wa vijana, aliyekuja kila Jumapili kutoka Kinindo, mtaa wa wenye nacho, akileta projekta, kompyuta, jenereta, na petroli aliyoipata kwa kupanga foleni yeye mwenyewe, alikuwa amemweleza kwa upole kwamba video hizi si za kuchekesha. Zilitengenezwa ng'ambo na watu wenye nia njema, ili vijana Wakristo wapate kuzungumza juu ya mambo magumu: mimba, wazazi kuachana, kutaka kujiua, dawa za kulevya. Atafsiri neno kwa neno, asiongeze. Video ikiisha, mablanketi yatashushwa, na Fortunat atauliza maswali ya majadiliano yaliyochapishwa tayari.

Ndivyo ilivyofanyika tangu Pasaka. Maswali yaliulizwa. Gaëlle, sauti ya kwanza ya kwaya, binti ambaye wazazi wa mtaa mzima waliwatajia watoto wao kuwa mfano kila walipokosa la kusema, alijibu kwamba yatupasa kuomba. Wengine walitazama viatu. Kisha wakaenda nyumbani na mambo yao magumu yakiwa mazima.

Mwavita hakuwa na maoni juu ya faida ya video. Lakini Jumapili hiyo alikuwa na sababu ya kutaka ziwe na faida, na sababu hiyo ilikuwa imeketi kwenye benchi la mwisho, imevaa koti katika joto ambalo lilimfanya hata Irène afungue kifungo cha shingoni. Destin, mwanawe, alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa miezi kadhaa alikuwa akilala mchana, akijikuna, akikonda. Nyumbani sufuria zilitoweka, kisha pasi. Mwavita alimpeleka zahanati kupimwa malaria, na majibu yalipoonyesha kwamba hana malaria, alimnunulia dawa ya malaria. Alikuwa na maneno ya watu wote kinywani mwake, ila maneno ya kumuuliza mwanawe hakuwa nayo.

Video ya siku hiyo ilimhusu kijana aitwaye Loïc, wa nyumba yenye ngazi ndani na mbwa aliyelala juu ya kiti. Loïc alivuta unga wa kulevya. Mwavita alimtafsiri kwa sauti nyembamba ya kiume, neno kwa neno. Loïc aliiba saa ya baba yake. Loïc alilia chumbani, rafiki akamletea Biblia, Loïc akapiga magoti. Picha ikafifia hadi weusi, kisha ikawaka: asubuhi, jua, na Loïc akishuka ngazi akiwa mzima kabisa. Hapo ndipo kompyuta ilipokwama.

Uso wa kijana yule ulibaki juu ya shuka, mrefu kuliko mlango, mdomo nusu wazi, macho yakiwatazama. Fortunat aliinama juu ya kompyuta na kusema kwamba ni dakika moja tu.

"We Loïc," kijana mmoja alisema gizani, "unatuangalia nini hivi? Hujaonaka watu?"

Mwavita alijibu kabla ya kufikiri, kwa ile sauti nyembamba. "Nimeonaka. Ila wenye wanakalaka kimya namna hii, apana."

Ukumbi ulicheka. Mwingine alitaka kujua: kama mbwa analala kwa kiti, Loïc mwenyewe analalaka wapi? Loïc alisema kwamba yeye hulala chini, kwa kuwa mbwa ndiye mkubwa wa nyumba. Irène alikohoa kikohozi cha kiofisi. Mwavita alikuwa amekwisha kukishusha kipaza sauti ilipokuja sauti ya tatu, kutoka nyuma kabisa, nayo haikuwa kubwa.

"We Loïc."

Aliitambua kabla haijalimaliza jina.

"Ulipoacha. Usiku wa kwanza. Mifupa ilikuuma namna gani?"

Kicheko kilikatika kana kwamba nacho kilikuwa kikitegemea jenereta. Uso ule mkubwa uliendelea kuwatazama bila kupepesa. Mwavita angeweza kusimama, akapita katikati ya mabenchi, akamshika mwanawe mabega na kumtikisa. Alielewa, kwa uhakika ambao hakujua ulitoka wapi, kwamba akisema kwa sauti yake mwenyewe swali lile litakuwa halijawahi kuulizwa. Loïc ndiye aliyeulizwa. Na Loïc hakujua. Ndani ya video nzima hapakuwa na mfupa hata mmoja uliouma.

"Sijui," Loïc alisema. "Wenye walitengeneza video waliziruka zile siku. Mi nililala, nikaamuka nimepona. Mwenye anajua aniambie."

Nje jenereta ilinguruma. Kisha mtu akasema, kutoka mbele, upande wa kwaya:

"Siku ya kwanza si kitu. Ya tatu njo mubaya. Unasikia baridi, na jasho inatiririka. Magoti inauma kama mutu anaikamua. Usikubali kubaki peke yako, Loïc."

Ilikuwa sauti ya Gaëlle. Ilikuwa sauti ileile iliyopanda juu ya nyingine zote kila Jumapili, safi, bila mtetemo, na hata sasa haikutetema.

Baada yake walisema wengine. Mmoja alimwambia Loïc kwamba kaka yake aliomba mwenyewe afungwe kitandani kwa kitenge. Mmoja alimshauri maji yenye chumvi na sukari, mafunda madogomadogo, hata ukitapika. Mmoja aliuliza kama usingizi hurudi, na kutoka kona nyingine akajibiwa kwamba hurudi, ila unachelewa. Mmoja alitaja rafiki aliyeacha unga, kisha akaurudia kwa kipimo chake cha zamani, na asiamke. Wote walimsemesha Loïc. Hakuna aliyemsemesha mwenzake, na bado kila mmoja alijibiwa.

Mwavita alikaa na kipaza sauti kisicho na kazi. Juu ya vitambaa kama kile alikuwa ameona wafu wakiamka na miji ikizama, akaeleza yote bila sauti kubadilika. Sasa alikibana kipaza sauti kifuani, kisije kikagonga kitu. Giza lile, ambalo yeye mwenyewe alilitundika kwa misumari, lilikuwa limejaa watu. Alikuwa akiwatafsiria tangu Pasaka, na leo ndipo alipokuwa akiwasikia. Aliona taa ndogo ya kompyuta ikigeuka kijani. Aliona mkono wa Fortunat ukienda juu ya kitufe na kubaki hapohapo, bila kukigusa, kama mkono wa mtu anayebariki asiyejua maneno.

"Loïc," Destin alisema tena. "Mama yako anajua?"

Ile sauti nyembamba ilishuka, ikawa karibu sana na sauti ya mwanamke.

"Anajua. Toka zamani. Anaogopa kuuliza."

Benchi la mwisho lililia kidogo, Destin akiinama mbele.

"Umuambie aulize."

Kama Fortunat alibonyeza, au kompyuta iliamua yenyewe, baadaye hakuna aliyeweza kueleza. Loïc alimaliza kushuka ngazi, akaketi mbele ya maziwa na machungwa, akamwambia mama yake kwa Kifaransa kwamba siku ni nzuri.

"Siku ni nzuri, mama," Mwavita alitafsiri, neno kwa neno, akazima kipaza sauti.

Mablanketi yalishushwa. Mwanga uliingia na kuwarudishia watu nyuso zao, nao walizivaa haraka. Gaëlle alikuwa akitafuta ukurasa katika kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyegeuka kutazama nani alikuwa nani. Fortunat aliichukua karatasi ya maswali ya majadiliano, akalisoma la kwanza kimoyomoyo, akaiweka chini. Kamati ikajitenga karibu na mlango, na Irène akasikika akiuliza, kwa haki kabisa, ni nani atakayewajibika kwa yale anayoyasema Loïc, ambaye si mshiriki. Fortunat alitikisa kichwa mara nyingi kukataa. Hakutazamwa.

Mwavita alipita katikati ya mabenchi. Destin hakuinuka, wala hakukimbia, ingawa mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alisogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja. Mwavita aliketi, akauliza. Hakutumia hata moja kati ya sauti zake. Iliyobaki ilikuwa ndogo na yenye mikwaruzo, na swali lenyewe lilikuwa fupi. Destin alianza kujibu kwa sauti ya chini mno, hata ikambidi mama yake ainamishe kichwa na kumsogezea sikio.

Mbele, Irène aliomba watu wasimame kwa ajili ya uamuzi. Walisimama wote, isipokuwa wawili.

"Kamati ya Vijana, baada ya kushauriana, imeamua kwa kauli moja kwamba kuanzia Jumapili ijayo watu waliomo ndani ya video hawataulizwa maswali, na wakiulizwa, hawatajibu."