Majina Kumi na Moja

Sufuria iligonga mguu wa kitanda gizani, ko, ko, polepole, kama mgeni mwenye haya. Nikashusha mguu, nikakanyaga maji.

Ilikuwa Januari 1970, majina ya ubatizo hayajakatazwa bado na serikali. Leo naukumbuka mji ule wa Likasi, hata tope lake, kwa hamu. Mto ulibomoa kuta za mtaa wetu wa chini. Damas, mume wangu, alikuwa kazini Mwadingusha, na barabara imekatika. Kitoto changu kilikohoa juu ya mkeka uliolowa. Nilichotaka ni blanketi moja tu.

Kwenye uwanja wa parokia, Joachim, karani wa msaada, alishika orodha ya wakuu wa familia, wanaume watupu.

"Chef de famille iko wapi?"

"Iko Mwadingusha."

"Basi mumungoje."

Jirani yangu Mama Mathieu, mjane, akadakia: "Ya kwangu iko ku makaburi. Naye nimungoje?"

Wanawake wakacheka.

Jioni ile nilichana ukurasa wa daftari langu la masomo ya jioni. Georgette, binti yangu wa miaka mitano, alinishikia taa. Kila mwanamke asiye na mume karibu nilimuuliza jina lake, si la mtoto wake, nikaliandika. Mama Mathieu alifikiri kwanza. "Émérence," akasema, akaona haya kama bibi arusi. Niliyasoma kwa sauti, moja moja, yote kumi na moja. La mwisho langu.

Asubuhi Joachim aliisukuma karatasi kando. Basi tukaketi mlangoni pa ghala la msaada, watoto mgongoni, na hakuna mfuko wa unga uliopita.

Mwishowe Joachim akaichukua karatasi. "Nani aliandika hii?"

"Miye."

Akaitazama tena. "Mwandiko ni muzuri," akanung'unika, akaanza kuita.

Émérence akaenda. Henriette akaenda. Mablanketi ya kijivu yalinuka dawa ya nondo. Hata sasa harufu hiyo hunipa raha. Mimi nilikuwa nyuma, nikimbembeleza mtoto, kikohozi kimemkaba.

"Hortense!"

Nami nikageuka na wenzangu kumtafuta huyo Hortense. Tangu siku ya ndoa hakuna aliyeniita hivyo. Kwa wote nilikuwa Mama Georgette.

"Hortense! Kama haiko, nakata jina."

Akainua kalamu. Mkono mdogo ukavuta kitenge changu.

"Mama, ni weye banaita."