Malkia Wawili na Jiwe la Mpaka

Juma moja baada ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, Rapolas Gudaitis alizunguka nyuma ya mizinga yake minne na kuinyanyua mmoja mmoja kwa mkono mmoja, kidogo tu, kama mtu anayepima gunia sokoni kabla ya kuuliza bei. Mzinga mzito una asali ya kutosha baridi yote. Mwepesi hulishwa shira, sukari sehemu mbili kwa maji sehemu moja, mpaka nao uwe mzito. Mitatu ilikuwa mizito, wa nne wa wastani. Rapolas alikuwa dereva wa basi la shule kabla ya kustaafu, na nyuki kwake walikuwa starehe, ila starehe hiyo aliifanyia bidii ambayo mkewe Stefanija hakuwahi kuiona ikifanyiwa paa la nyumba.

Alikuwa anapigilia mabati yenye matundu kwenye milango ya mizinga, panya wasiingie kutafuta joto, pale jirani yake, mjane Apolonija Kvedarienė, alipokuja uzioni akakohoa. Hawakuwa wamesemezana tangu uzio huo usimame.

"Bwana Rapolas," alisema, "wale nyuki wako waliohamia kwangu Juni wamekonda. Peke yao baridi hawaivuki."

Huko kijijini Gervinė nyuki hawauzwi wala hawanunuliwi. Kundi lako likiruka na kutua kwenye mti wa jirani, huna haki ya kulidai. Jirani hulitia mzingani, na tangu siku hiyo ninyi ni ndugu, undugu wa nyuki, ambao Walituania huuheshimu kuliko ule wa harusini. Ndugu wa nyuki hagombani na mwenzake wala hamfichi kitu. Akimficha, nyuki hujua. Kundi la Rapolas lilikuwa limetua kwenye mpeasi wa Apolonija, na tangu hapo Rapolas alikuwa akijitafutia kazi upande wa pili wa nyumba.

Maana alikuwa na la kuficha. Mwaka ule mashamba ya ushirika yaliporudishwa kwa wenyewe, marehemu Kvedaras, mumewe Apolonija, akiwa amelazwa hospitali, na mpima ardhi akiwa mezani kwa Stefanija anakula supu ya bitiruti, Rapolas alichukua mtaimbo akalisukuma jiwe la mpaka hadi ng'ambo ya miti mitatu ya liepa, ikawa upande wake. Maua ya liepa ndiyo asali yake yote. Kvedaras alirudi nyumbani akasema jiwe limetembea. Watu walimhurumia, wakasema ni homa, na akafa hivyo hivyo, anahurumiwa.

Lakini ombi la ndugu wa nyuki halikataliwi. Rapolas alijibu kwamba ataunganisha kundi dhaifu na lile lake la wastani.

Kuunganisha makundi ni kazi nyepesi. Huwezi kuwamwaga pamoja, watauana, kwani kila nyumba ina harufu yake. Unatandaza gazeti juu ya mzinga mmoja, unalitoboa kwa sindano, na juu yake unauweka mzinga wa pili. Nyuki wa juu na wa chini hulitafuna gazeti kidogo kidogo, harufu zinachanganyika, na likiisha hakuna tena wageni. Kuna sharti moja tu: kabla ya hapo umuue malkia mmoja.

"Umuue wa kwetu kwa ajili ya yule?" aliuliza Stefanija, mikono kiunoni. "Labda uanze na mimi."

"Huyu wangu ni mama wa huyo wenu," alisema Apolonija kutoka uzioni. "Ukimuua, umeua ndugu."

Rapolas hakupenda mambo ya kuamua. Alisema watajuana wenyewe, akatandaza gazeti la wilaya, ukurasa wa matangazo ya vifo na matrekta, akaufunika mzinga.

Asubuhi mlangoni mwa mzinga kulikuwa na vipande vidogo vya karatasi, kama kawaida. Chini ya uzio kulikuwa na vipande vidogo vya mbao. Uzio ulikuwa na matundu ya sindano kutoka mwanzo hadi mwisho. Kesho yake matundu yalipitisha ngumi, na kesho kutwa mbwa Margis aliupitia katikati bila kuinama, akala kwa Apolonija, akarudi kula kwake, kisha akasahau kwake ni wapi na akala tena.

"Mbao za siku hizi," alisema Stefanija, akafagia.

Baada ya uzio zilifuata kuta. Zilitafunika taratibu, bila vumbi jingi, na siku moja Stefanija alinyosha mkono kuchukua chumvi akaichukua kwenye rafu ya Apolonija. Majiko mawili yalikuwa yamekutana, ingawa ukitazama nje shamba la viazi bado lilikuwa katikati ya nyumba hizo, upana wake ule ule. Rapolas alilivuka kwenda kuhakikisha, akafika jikoni mwake akitokea kwa jirani, miguu ina matope. Alilivuka tena kwa raha tu.

Raha yenyewe ilikuwa ya kulevya. Nyumba ya Apolonija ilinukia sufi ya kondoo na shibiti, ya Rapolas moshi na tufaha, na harufu hizo zilipochanganyika watu walianza kucheka kabla ya kuambiwa kitu. Saa za ukutani zilikuwa mbili na hazikupatana, kwa hiyo walikula chakula cha mchana mara mbili, uyoga wa kukaanga kwa saa ya huku, madonge ya viazi yenye nyama kwa saa ya kule. Walicheza polka kuanzia meko hadi meko. Rapolas, mwenye goti bovu, alimzungusha mkewe, akamzungusha jirani, kisha wao wakamzungusha yeye, na Margis akabweka kwa mahadhi.

"Sasa nikuiteje?" Stefanija alimwuliza Apolonija, anahema.

"Niite wifi. Ukiniita mke mwenza, padre atatufuata huku huku."

Katika furaha yote hiyo Rapolas alikuwa na hofu moja. Wahenga wa Waswahili walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na kila mfuga nyuki anajua kwamba malkia hukaa zizi moja kwa muda mfupi kuliko fahali. Malkia wawili wakikutana huitana kwanza, mmoja analia tuu, tuu, wa pili anajibu kwaa, kwaa, halafu mmoja hufa. Jioni hiyo aliwasikia wakiitana mzingani. Aliporudi ndani Stefanija alikuwa mbele ya sufuria anasema tuu, tuu, na Apolonija, akimenya viazi, anamjibu kwaa. Rapolas alikusanya visu akavikalia.

Wanawake walisogeleana juu ya sufuria. Kisha Apolonija akasema supu imepungua chumvi, Stefanija akaonja akakubali, na mambo yakaishia hapo. Kesho yake Rapolas alifungua mzinga akawakuta malkia wote wawili, mama na binti, wanatembea juu ya sega moja wakipishana kwa adabu. Hilo hutokea mara chache. Hakulifurahia kama alivyotarajia, maana watu wawili wakipatana hukaa wakazungumza.

Na jambo alilolificha likajileta lenyewe. Uzio ulipokwisha kabisa, jiwe la mpaka lilibaki limesimama shambani halina cha kulinda, na asubuhi moja halikuwapo. Lilikuwa limerudi mahali pake pa zamani, upande wa huku wa miti ya liepa, na nyuma yake kulikuwa na mfereji mrefu katikati ya viazi, kama uliolimwa na mtu asiye na haraka. Rapolas alichukua mtaimbo akalisukuma kulirudisha. Wanawake walikuwa dirishani na vikombe vya chai. Siku iliyofuata jiwe lilirudi tena pale pa zamani, na Rapolas akalisukuma tena ng'ambo ya liepa.

"Linatembea," alisema Apolonija, anapuliza chai. "Marehemu alisema."

"Marehemu alisema," alijibu Stefanija, na sauti yake ilikuwa imeacha kucheka kwa mara ya kwanza tangu gazeti.

Hakuna aliyemwuliza kitu. Walimsubiri. Ndugu wa nyuki haburutwi kusema, husema. Rapolas alijua kwamba maneno yenyewe hayazidi matano, na alijua pia kwamba baada ya maneno hayo liepa zote tatu zingerudi kwa mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyomchoma masikio. Akaenda kukagua mizinga.

Umande wa kwanza ulipoganda, nyuki waliwafukuza madume. Hufanya hivyo kila mwaka. Dume hana kazi wakati wa baridi, anakula tu, kwa hiyo vibarua wawili wawili humshika chini ya mbawa, humvuta hadi mlangoni na kumwacha nje. Rapolas alikuwa dirishani anawatazama kwa huruma waliporudi Stefanija na Apolonija kutoka kuchuma kabichi. Walimshika makwapa, mmoja kulia mwingine kushoto, wakamtoa hadi ng'ambo ya ngazi ya nyumba, polepole kwa sababu ya goti.

"Stefanija, kwani nimefanya nini?"

"Hapana ubaya, baba. Ndiyo majira yake."

"Ila kama una neno, kaka," alisema Apolonija, "mlango bado unapitisha mtu."

Rapolas aliutazama mlango. Aliitazama miti ya liepa, majani yake yameshapukutika, mizuri hata ikiwa mitupu.

"Mizinga haijafungwa mabua," alisema.

Alikwenda akaifunga, mabua ya ngano na kamba, akaiinamisha mbele kidogo ili unyevu utoke. Aliporudi mlango wa nyumba ulikuwa umepungua, upana wa kidole na urefu wa kidole, una bati lenye matundu, kazi safi kama yake mwenyewe. Ndani kulikuwa na joto, saa mbili zilikuwa zinabishana, na wanawake walikuwa wanacheka kitu.

Alihamia kwenye kibanda cha mizinga, akajizungushia mabua yaliyobaki. Hakuteseka. Mchana walimpitishia shira ya moto kwa bomba, na madonge ya viazi yaliyokatwa vipande vyembamba, na mara mojamoja utani. Kucheka kwao kulimwambukiza hata huko nje, akawa anacheka bila kujua wanacheka nini, huku meno yanagongana.

"Kaka," Apolonija aliuliza asubuhi ya theluji ya kwanza, jicho tunduni, "jiwe limerudi?"

"Limerudi."

"Una la kusema?"

Rapolas alifikiri. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya miti ya liepa, na juu ya mfereji mpya katikati ya viazi.

"Baridi ya mwaka huu ni kali," alisema.

Walikubaliana naye kwamba ni kali. Wakampitishia kipande cha donge, chenye nyama nyingi, wala hawakumbania krimu. Rapolas alikula, akawashukuru kwa moyo, akajifuta vidole kwenye mabua. Kisha akachukua mtaimbo.