Viti Viwili vya Kwenda Wanale

Nilikuwa na mke mwenza wa bati. Nasema wazi wala sioni haya. Kwa miaka sita mume wangu Marjan alikuwa akiamka tu anakwenda kuinama juu ya kile kigari uani kwetu, hapa Jinja. Anakipapasa, anakipiga msasa, anakisemesha, nami nikipita na beseni la nguo hata hanioni. Kililetwa juu ya lori kikiwa kimeharibika vibaya kwa ajali, kigari cha mbio cha Kijapani, kifupi kama kiatu, paa lake turubai la kukunja. Na viti viwili tu! Nikamwuliza, "Marjan, una watoto wanne na wajukuu saba. Gari la viti viwili la nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kimoja changu, kimoja chako. Kwani unamtaka nani mwingine?"

Basi, hapo nikanyamaza. Mimi Twaibah si mtu wa kunyamaza, uliza soko zima la Jinja wanaponunua vitenge kwangu. Lakini siku aliyonioa alinitoa kwetu Mbale juu ya magunia ya vitunguu, kwenye lori la rafiki yake, vumbi hadi kwenye meno, na akaniapia kwamba siku moja atanirudisha kwa barabara ileile nikiwa nimekaa mbele kama mke wa waziri. Ilikuwa miaka thelathini na minne imepita. Mwenye ahadi alikuwa bado anaikumbuka, na mimi pia.

Kigari kilipowaka, Marjan akanunua daftari. Ujanani alikuwa dereva kwenye kambi ya jeshi, na mtu aliyewahi kula posho ya kambi hata kwenda sokoni anakwenda kwa mpango. Alikata kijiti sawa na kimo cha tumbo la gari kutoka chini, akaazima pikipiki, akaenda nayo Mbale na kurudi kwa siku tatu, akipima kila tuta la barabarani. Wallahi, kila tuta! Alishuka, akasimamisha kijiti, akaandika. Bugembe, Iganga, Nakalama, Namutumba, Tirinyi, Kamonkoli. "Tuta la msikiti: pita kwa kushoto. Tuta la wauza mananasi: pita mshazari, polepole. Tuta la shule: abiria ashuke."

"Abiria ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe."

"Nishuke nivuke tuta kwa miguu na gauni langu la Idi?"

"Ukishuka, gari linainuka vidole viwili," akasema, na alikuwa amepima kweli.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini mpango wenyewe ulinipendeza. Tungeondoka baada ya swala ya alfajiri, kabla matrekta ya miwa hayajajaa barabarani Kakira. Jua litukute kwenye daraja la Mpologoma, pale mpunga umetanda pande zote na ukungu bado umelala juu ya maji. Hapo tungesimama, paa likiwa wazi, tunywe chai ya chupa. Saa tatu tuwe Mbale. Nikanunua mtandio wa rangi ya chungwa wa kujifunga upepo usininyang'anye. Umri wangu huu, lakini nilikuwa nahesabu siku kama mwanamwali.

Nikampelekea mama picha ya gari kwa simu ya wifi yangu Nusifa, anayekaa naye Malukhu, kule Mbale. Mama yangu, Nandutu, amepita miaka themanini, na mgongo wake umepinda hadi macho yake yanatazama chini tu. Wageni anawajua kwa viatu. Jioni ile akanipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi.

"Hicho kiti kinalala?"

"Kinalala, mama, kama kitanda."

"Na paa linatoka lote?"

"Lote."

"Mwaka wa tisa huu sijauona mwamba wa Wanale. Nimezaliwa chini yake, nami nauona udongo tu. Kaka yako alinipandisha kwenye teksi, nikaangalia magoti yangu mpaka tukarudi. Kitandani nikilala naona mabati. Nikilazwa uani majirani wataleta sanda. Twaibah, nilaze kwenye hicho kiti unipitishe chini ya mwamba. Nione maji ya kwetu yanavyoanguka kutoka juu, kisha Mungu akinichukua, achukue."

Mama hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe, hata chumvi. Nililia, nikakimbia uani na simu mkononi nikamweleza Marjan. Akaweka spana chini, uso ukamng'aa. Kisha ukazima.

"Twaibah," akasema, "viti viwili."

Lahaula! Nilikuwa nimesahau. Kwetu Bugisu mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawakai kiti kimoja, na jina lake hatamki. Marjan ni Mnubi wa Jinja, lakini adabu za kwetu alizishika kuliko kaka zangu. Akifika Malukhu, mama anaingia ndani kwa mlango wa jikoni, wanasalimiana kupitia ukuta. Miaka thelathini na minne mama hajamwita kwa jina hata siku moja. "Mtu wa Jinja hajambo?" ndivyo anavyoniuliza. Sasa kigari chenyewe ni chembamba, dereva akibadilisha gia kiwiko kinamgusa abiria pajani. Awekwe mama yangu hapo, amelala chali, kando ya mkwe wake? Angeomba ashushwe tukiwa bado Malukhu.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Niliikasirikia mila, nikamkasirikia Mjapani aliyetengeneza gari la viti viwili, nikamkasirikia Marjan kwa kukubali kirahisi hivyo kwamba haiwezekani. "Basi tafuta dereva mwingine!" nikasema. Akanitazama kama nimemwambia amgawie mtu mkewe. Usukani ule hakuna aliyeugusa isipokuwa yeye. Hata kijana wetu mkubwa aliwahi kuingia akae tu, akatolewa kwa kelele.

Siku mbili hatukuongea vizuri. Siku ya tatu nikiwa nakunja vitenge dukani, Marjan akaingia, akaweka funguo juu ya mapaja yangu.

"Utamwendesha wewe," akasema, akatoka kabla sijamwona uso.

Mimi permiti ninayo, naendesha kivan changu cha mizigo kwenda minadani. Lakini Marjan siku zote amesema naendesha kama mtu anayepura mpunga. Kila Ijumaa baada ya swala, kwa wiki tano, tulikwenda Budondo, kwenye barabara zisizo na watu wengi, mimi kwenye usukani na yeye kwenye kiti changu. Ndugu yangu, hiyo ilikuwa adhabu kwetu sote wawili.

"Klachi! Klachi, mama, unamnyonga!"

"Namnyonga nani? Ni gari!"

"Gia ya pili. Ya pili! Hiyo ni ya nne. Ee Mola wangu."

Wakulima waliacha majembe wakaja kutazama. Mara nne nilishuka nikaanza kurudi Jinja kwa miguu, mara nne akanifuata na gari polepole, akiniambia panda, Twaibah, watu wanaona. Ijumaa ya tano niliteremka kile kilima cha Budondo kwa gia ya pili, laini, bila kushtua hata chai kwenye kikombe. Nikamgeukia nimtambie. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, anatazama mashamba ya mahindi, machozi yanamtoka. Nikamwuliza kulikoni. "Linaenda vizuri," akasema. "Sikujua linavyopendeza ukiwa umekaa huku."

Halafu akaenda Mbale tena kwa pikipiki, peke yake, akalala huko siku moja. Alirudi shati limejaa vumbi mgongoni lote. Nikamwuliza kama ameanguka. Akasema hapana, akaniomba sabuni.

Siku ilipofika tukaondoka wawili, mimi nikiendesha, mtandio wangu wa chungwa kichwani. Niliimaliza Kakira kabla ya matrekta. Kwenye tuta la shule alishuka Marjan, akavuka kwa miguu, mikono nyuma kama mkaguzi, na mimi nikalivuka bila kukwaruza. Daraja la Mpologoma tulilikuta kama alivyoandika, jua jekundu na ukungu juu ya mpunga, tukanywa chai. Nilifurahi sana asubuhi ile. Nilifurahi kuliko siku ya harusi, maana siku ya harusi nilikuwa na kitunguu mgongoni.

Malukhu, hatua mia moja kabla ya nyumba, akasema, "Simama hapa." Akashuka kwenye steji ya boda. Akanifungulia daftari ukurasa wa mwisho, akaliweka juu ya goti langu. "Nitakaa hapa. Mama asinione. Fuata kilichoandikwa." Kisha akaligusa boneti kwa kiganja, mara moja, akaenda kukaa kwenye benchi la vijana wa boda.

Mimi na Nusifa tulimbeba mama tukamwingiza. Mwepesi jamani, kama mtoto wa darasa la pili. Nilikilaza kiti pole pole, mto chini ya shingo, mto chini ya kiuno. Alifumba macho. "Usiniambie tulipofika," akasema. "Nitajua."

Niliendesha kama nimebeba mayai. Matuta yote yalikuwa kwenye daftari, hata mashimo. Tulipoingia Wanale nikapunguza mwendo, maana mbele yangu sikuona mwamba. Niliona wingu jeupe limeukalia kutoka juu hadi katikati. Nikalikuta jiwe limepakwa chokaa kando ya barabara, kama lilivyoandikwa: "Jiwe jeupe. Simama tairi la mbele likiwa sawa nalo. Zima injini."

Nikazima. Mama akafumbua macho. Juu palikuwa na weupe mtupu.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, mama. Ni ukungu."

Mdomo wake ukatetemeka, akaufunga. Hapo nikatamani kupigana na mtu. Baada ya yote haya! Nikachukua daftari nilitupe nje, nikaona kuna mstari mmoja zaidi chini. "Ukikuta ukungu, ngoja. Wenyeji wanasema hufunguka saa nne. Usimharakishe mama."

Tukangoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia maharage karibu na barabara akaja na jembe lake, akatusalimu, akalizunguka gari, akacheka.

"Kumbe ndilo hili! Yule mzee mwenye shati la kijivu ni wenu?"

"Mzee yupi?"

"Alikuja juzijuzi na pikipiki. Akalala chali pale kwenye majani kando ya lami. Tukapiga mayowe tukidhani amegongwa. Akainuka, akasogea hatua tatu, akalala tena. Hivyo hivyo asubuhi nzima, kutoka pale kwenye mgomba hadi hapa. Mume wangu akamwuliza, wewe mzima kweli? Akasema litakuja gari lisilo na paa, anatafuta mahali ambapo macho ya mama mkwe wake yataona mpaka juu bila mti kumzuia. Alipopapata akaomba chokaa."

Nilikumbuka shati lile la vumbi. Nilijiona mpumbavu, na nilimpenda mume wangu mpaka kifua kikaniuma. Najua mama alisikia kila neno, maana vidole vyake viliacha kuchezea upindo wa gauni lake la gomesi.

Saa nne na kidogo ukungu ukaanza kupanda. Ukatoka kwanza kwenye mashamba, kisha kwenye jiwe jeusi la mwamba, ukazidi kupanda na kupanda, na mama alikuwa anahema kama anaupanda kwa miguu. Halafu maji yakatokea. Mstari mweupe unaanguka kutoka ukingoni kabisa, na nyuma yake mbingu. Hapakuwa na mti wala waya uliokatiza.

"Yooo," akasema mama, kwa sauti ya msichana. "Bado yapo. Twaibah, bado yapo! Pale juu, kushoto kwa maji, ndipo baba alipokuwa akitupandisha kukata kuni. Ona, ona ukingo ule." Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, naye hakuyafuta, hakutaka kupepesa macho. Mimi sikuutazama mwamba. Nilimtazama yeye, uso wake wote, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Tulikaa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono bila kuondoa macho kwenye ule mwamba. "Nipigie mtu wa Jinja."

Simu haikumaliza mlio mmoja. "Twaibah! Umegonga nini?" ndivyo Marjan alivyoanza. Nikaiweka simu sikioni kwa mama, spika ikiwa wazi.

"Marjan," akasema mama.

Nilishtuka nusura nipige honi. Upande wa pili nilisikia pikipiki zinanguruma, vijana wanabishana. Kisha ikaja sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Naam, mama."

"Nimeuona, mwanangu. Mpaka juu."

Hakuna aliyekata simu, na hakuna aliyesema kitu tena, mpaka ukungu uliporudi.