Dakika Ishirini Kisimani

Mpimaji wa maji alipoingia uani, mjane alikuwa amefungwa kamba kwenye pampu ya kisima, jicho moja limefumba kwa uvimbe, damu inamchuruzika puani. Shemeji yake mkubwa, fundi ujenzi waliyemwita Nondo, alishika mpini wa jembe. Majirani walijazana getini.

"Kamuua mdogo wangu," Nondo alisema akihema. "Daktari kapima, kakuta arseniki. Hiyo si sumu ya panya? Na jikoni alikuwa nani?"

"Arseniki hutoka ardhini pia. Hospitali imenituma nipime kisima hiki. Nipe dakika ishirini."

"Dada, wewe pima maji. Mimi napima mbavu."

Wawili watatu wakacheka. Mpini ukatua, na ubavu ukalia kama ukuni mkavu.

Mpimaji hakupiga kelele. Kelele zilikuwa zimeshatosha. Alijaza chupa maji ya kisima, akatia unga wa asidi, kisha unga wa zinki, akakaza kifuniko kilichobana kijikaratasi cheupe. Maji yakatoa mapovu. Arseniki ikiwemo, hupanda na gesi na kuipaka karatasi rangi: njano ikiwa kidogo, kahawia ikiwa nyingi. Akatazama saa.

Dakika ya kumi na moja, Nondo aliipiga chupa teke, ikapasukia ukutani.

"Uganga wa chupa!"

Mpimaji akatoa chupa nyingine. "Tunaanza upya. Ishirini."

Kofi likampata mdomoni. Akatema damu pembeni, mbali na chupa, akaendelea kupima unga.

"Mwache," alisema mama yake Nondo, aliyekaa barazani, macho makavu tangu mazishi. "Akimaliza yake, nawe ummalize huyo muuaji."

Dakika zikapita. Mjane alikuwa akipumua kwa vipande. Ya ishirini ilipotimia, karatasi ilikuwa na rangi ya tumbaku. Mpimaji akailinganisha na kadi ya rangi.

"Mara ishirini na tano ya kiwango salama. Nondo, fungua kiganja. Hivyo vijipele vigumu unadhani ni sugu za kazi? Nyayoni pia unavyo."

Nondo alitazama kiganja chake, akakifumba upesi. Kweli vilikuwapo.

"Sote tunakunywa maji haya!" akafoka, akauinua mpini juu ya kichwa cha mjane. "Mbona kafa yeye peke yake? Jibu!"

Swali lilikuwa zuri. Mpimaji akamgeukia mjane. "Marehemu alikunywa maji yapi?"

Mjane alitupa jicho barazani.

"Ya kuchemsha," mama akajibu badala yake. "Alipoanza kutapika nilimkataza huyu asiguse sufuria yake. Nilichemsha mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka yabaki nusu. Yawe safi."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minane."

Mpimaji angeweza kunyamaza, lakini mpini ulikuwa bado juu.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Arseniki haifi, wala haitoki na mvuke. Maji yakibaki nusu, sumu ni ileile yote, kwa hiyo ukali wake mara mbili. Wengine mlikunywa ya kisima. Yeye alikunywa hayo."



"Mama?" Nondo alisema, macho bado kwa mjane.

"Usimtazame yeye, nitazame mimi." Mama alisimama. "Si unamtafuta aliyempa sumu? Ni mimi. Njoo upige."

 Nondo akageuzia mpini upande wa pili wa pampu, mbali na mjane, akaipiga mpaka mpini ukachanika na chuma kikapinda, akaendelea kwa ngumi, nyama za vidole zikibaki kwenye chuma. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Mama akapita ubavuni mwake, akamwinamia mkwe wake. Mafundo yalikuwa yamelowa damu na kukaza. Vidole vikamshinda, akayafungua kwa meno.

"Polepole, mama," mjane alisema. "Mkono wangu huo umevunjika."